Lamotrijini inataka kalenda: maelekezo kutoka dirisha la dawa

Kazi yangu ni kutoa dawa dirishani, na mdogo wangu wa kiume anatumia lamotrijini kwa sababu ya bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kwa hiyo dawa hii naijua nikiwa kazini na naijua nikiwa nyumbani. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wateja wanapopokea boksi la kwanza, ila hapa nina nafasi ya kusema taratibu bila foleni kunisukuma.

Lamotrijini, ambayo wengine huiona kwenye boksi kwa jina la Lamictal, ilianza kama dawa ya kifafa. Marekani iliiidhinisha kwa kifafa mwaka 1994, na mwaka 2003 ikaiidhinisha kwa bipola. Ndiyo maana karatasi ya maelezo ndani ya boksi humchanganya mtu: anayetibiwa sonona, yaani ile huzuni nzito ya ugonjwa, anasoma habari za kifafa, anadhani amepewa dawa ya mwingine. Hujapewa dawa ya mwingine. Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa umeme, na umeme huo hutegemea sodiamu inayoingia ndani ya seli kupitia vijitundu maalumu. Lamotrijini huvibana vijitundu hivyo pale seli zinapofyatua kupita kiasi, na hupunguza kumwagika kwa glutameti, kemikali inayozichochea seli za jirani. Kwa mwenye kifafa, hilo huzuia mshtuko. Kwa mwenye bipola, husaidia hisia zisiporomoke.

Upande wa kifafa, hutumika kwa mishtuko inayoanzia sehemu moja ya ubongo, na kwa ile ya mwili mzima ambapo mtu huanguka, akakakamaa na kutikisika. Hutumika pia kwa watoto wanaozubaa ghafla kwa sekunde chache kisha wakaendelea kama hakuna kilichotokea. Ila kuna aina moja ya kuichunga: ile ya viungo kuruka ghafla, mkono unashtuka na kikombe kinadondoka. Kwa baadhi ya watu lamotrijini huizidisha hiyo, kwa hiyo ukiiona, mweleze daktari hata kama unaiona ni jambo dogo.

Upande wa bipola, kazi yake ni kuzuia vipindi visirudi, na nguvu yake kubwa iko kwenye sonona. Kwenye kupanda, yaani zile siku mtu halali, maneno hayakatiki na fedha zinatoka bila hesabu, msaada wake ni mdogo. Aliyekwisha kupanda hatatulizwa na lamotrijini. Huyo anahitaji dawa nyingine, na anaihitaji mapema. Vilevile, kifafa kinapomshika mtu sasa hivi, kumtia kidonge mdomoni hakutakikata na kunaweza kumpalia. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usitie chochote mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika 5, au mishtuko ikifuatana bila yeye kurudiwa na fahamu, ita msaada wa dharura.

Kabla hujaondoka dirishani

Soma jina lote kwenye boksi, herufi kwa herufi. Kuna lamivudini, dawa ya VVU, na kuna Lamisil, ya fangasi. Zote zinaanza na herufi zilezile, na makosa ya kubadilishana majina hayo yameripotiwa vya kutosha kiasi kwamba vitabu vya famasia vinatuonya. Mimi huligeuza boksi likamtazama mteja na kumwomba asome kwa sauti. Wengine wanaona namchosha mtu. Sijaacha.

Kisha hakikisha unajua nguvu ya kidonge. Kuna vya miligramu 25, 50, 100 na 200, na vya watoto vidogo kuliko hivyo. Mtu aliyeandikiwa 25 akapewa 100 ameanza mara nne ya alichopaswa, na huko ndiko hatari yenyewe iliko. Siku rangi au umbo la kidonge likibadilika kuliko ulivyozoea, uliza kabla ya kumeza. Pengine ni kiwanda kingine tu, lakini swali lako ni halali.

Na taja kila kitu unachotumia: vidonge vya uzazi wa mpango, dawa ya kifua kikuu, dawa za VVU, dawa nyingine za kifafa. Sema kama uliwahi kutokwa na vipele kwa dawa yoyote ya kifafa, kama ini au figo zina shida, kama una ugonjwa wa moyo. Daktari aliyekuandikia huenda aliuliza. Mimi nauliza tena.

Kupanda ngazi

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nikilipata vizuri kwa mteja, mengine yote huwa mepesi. Lamotrijini haianzwi kwa dozi kamili. Inapandishwa kwa wiki kadhaa, na kasi ya kuipandisha hutegemea dawa nyingine ulizonazo mwilini.

Kwa mtu mzima mwenye bipola ambaye hatumii dawa inayoingiliana nayo, utaratibu wa kawaida ni huu: miligramu 25 kwa siku wiki ya 1 na ya 2, miligramu 50 kwa siku wiki ya 3 na ya 4, miligramu 100 wiki ya 5, kisha 200 kuanzia wiki ya 6, na 200 ndiyo dozi ambayo wengi hubaki nayo. Kwa kifafa, wiki nne za mwanzo ni zilezile. Baada ya hapo daktari anaongeza hatua kwa hatua kila wiki moja au mbili mpaka mishtuko itulie, na wengine hupita 200.

Anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa na bipola, ana ngazi yake. Valproeti hulizuia ini lisiisafishe lamotrijini, kwa hiyo kiwango kwenye damu hupanda karibu mara mbili. Huyo huanza na miligramu 25 siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili. Kisha 25 kila siku kwa wiki mbili nyingine, halafu 50 wiki ya 5, na kwa bipola lengo huwa 100 badala ya 200. Anayetumia kabamazepini, fenitoini au fenobabito, nazo ni dawa za kifafa, bila valproeti ni kinyume chake: dawa hizo hulifanya ini liharakishe kuiondoa, hivyo huanza na 50 na kufika juu zaidi. Watoto hupimiwa kwa uzito, na hesabu yao si ya kufanywa nyumbani.

Nimezitaja namba hizi ili ulinganishe na cheti chako na uulize pale usipoelewa. Ukiona tofauti, cheti ndicho cha kufuata, kwani daktari anaweza kuwa na sababu ya kwenda taratibu zaidi. Kinachonishtua ni cheti kinachokwenda haraka zaidi. Hicho nakipigia simu kabla sijafungua kabati.

Hiyo ya siku moja ndiyo, siku moja hapana, ina mtego wake. Watu hujiwekea kanuni kwamba watameza tarehe 1, 3, 5, 7 na kuendelea hivyo. Kanuni inakwenda vizuri mpaka mwezi unaisha kwa tarehe 31, kesho yake ni tarehe 1, na zote mbili ni siku za kumeza. Kwa hiyo mimi huchukua karatasi, nikaandika tarehe zote 14 za wiki mbili za mwanzo kwa kalamu nyekundu, kila moja na siku yake, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Jumapili, Jumanne, na pembeni ya zile za kupumzika naweka mstari. Chini yake naendelea na wiki ya 3 mpaka ya 6, kila wiki na idadi ya vidonge. Karatasi hiyo inabandikwa kwenye mlango wa kabati nyumbani. Mteja anaweka alama baada ya kumeza, si kabla.

Kuna mazungumzo ambayo nimeyazoea sana. Mtu anarudi wiki ya pili, anainama karibu na dirisha:

"Dada, hii ya 25 ni kama ninameza chaki. Si nianze tu mbili mbili?"

"Hapana, kaka yangu. Hizi wiki mbili hatutafuti nafuu, tunaipa ngozi yako nafasi ya kuizoea."

"Na hali niliyonayo?"

Hilo swali ni la kweli na halitaki kupuuzwa. Mtu mwenye sonona nzito hawezi kuambiwa asubiri wiki sita mikono mitupu. Jibu langu ni kumrudisha kwa daktari siku hiyohiyo, amwombe kitu cha kumshikilia wakati lamotrijini inapanda: kuongeza dawa nyingine, miadi ya karibu karibu, mtu wa kukaa naye. Njia ya mkato ya kumeza mbili mbili ndiyo pekee isiyokuwepo. Dawa ilipoingia sokoni watu walianzishwa kwa dozi kubwa kuliko za leo, na vipele vya hatari vilikuwa vingi zaidi. Ngazi hii ya polepole ilitokana na hilo.

Ngozi

Takriban mtu 1 kati ya 10 hupata vipele vya namna fulani akiwa kwenye lamotrijini, na vingi havina madhara. Vile vya hatari ni nadra: kwa watu wazima, maelezo rasmi ya dawa yanataja kati ya asilimia 0.08 na 0.3, na kwa watoto kati ya asilimia 0.3 na 0.8. Lakini vikitokea ni ugonjwa wa kulazwa, unaojulikana kwa majina ya madaktari wawili, Stevens na Johnson. Ngozi hutoka malengelenge na kubambuka, na macho, mdomo na sehemu za siri hushambuliwa pia. Watu hufa. Mara nyingi huanza kati ya wiki ya 2 na ya 8. Kinachoongeza hatari ni kuanza na dozi kubwa, kupandisha haraka, au kuitumia pamoja na valproeti bila kupunguza.

Kwa wiki hizo nane, jikague kila jioni kwenye mwanga mzuri. Mgongoni muombe mtu akuangalie. Na hapa kuna jambo ambalo picha nyingi za vitabuni hazisaidii, maana zimepigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi vipele mara nyingi havionekani vyekundu. Huonekana kama madoa meusi kuliko ngozi yenyewe, au yenye rangi ya zambarau, na wakati mwingine macho hayaoni kitu huku kiganja kikihisi vinundu. Basi pitisha kiganja kifuani, tumboni, mikononi kwa ndani, nyuma ya masikio na shingoni. Fungua mdomo mbele ya kioo, angalia ndani ya midomo na chini ya ulimi. Mdogo wangu alikuwa anafanya hivi akipiga mswaki usiku, na kila alipomaliza alinitumia ujumbe wa neno moja: "Safi."

Ukiona kipele chochote kipya, wasiliana na daktari siku hiyohiyo, na usimeze dozi inayofuata kabla hujaongea naye. Kama vipele vimekuja na homa, koo kuuma, vidonda mdomoni, macho mekundu yanayouma, uso kuvimba, mitoki kuvimba shingoni au kwapani, au ngozi inauma kama imeungua, usingoje simu ijibiwe. Nenda hospitali na beba boksi. Usipake krimu ukitumaini kitapotea, na usimeze dawa ya mzio ukaendelea na lamotrijini kana kwamba umeshatibu. Daktari akikuambia uache kwa sababu ya kipele kibaya, jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi yako kama dawa usiyopaswa kupewa tena.

Ili usijichanganye mwenyewe, wiki hizo usianzishe vitu vipya kwenye ngozi bila sababu: sabuni mpya, losheni mpya, rangi ya nywele. Kama uko katikati ya homa au umetoka tu kuugua ugonjwa uliokutoa vipele, mweleze daktari kabla ya kuanza, ataamua kama kusubiri kidogo kunafaa. Kipele kikitoka hapo, nani atajua kimeletwa na nini?

Mengine ya hatari hayana uhusiano na ngozi, nayo ni machache. Kichwa kuuma vibaya pamoja na shingo kukaza na mwanga kuumiza macho. Homa kali isiyoshuka pamoja na mwili kuchubuka au kutoka damu bila sababu. Macho kuwa ya njano. Mapigo ya moyo yanayoruka, au kuzimia. Yote haya ni ya kwenda hospitali. Na mawazo ya kujidhuru: dawa zote za kifafa zimewekewa onyo hilo, ni tatizo la wachache, lakini likikujia mwambie mtu wa karibu saa hiyo, kisha daktari. Hakuna atakayekunyang'anya dawa kwa kusema.

Kumeza kwenyewe

Hapa hakuna ugumu. Kabla au baada ya kula, vyote sawa. Mara moja kwa siku au mara mbili, kama ulivyoandikiwa, saa zilezile kila siku. Kwa wengine dawa hii hufukuza usingizi, kwa hao asubuhi ni bora. Wengine huwasinzisha, hao waulize kama wanaweza kuihamishia jioni. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, mikono kutetemeka kidogo na kuona viwili viwili hutokea, hasa kila dozi inapopanda, na mara nyingi hupungua. Kuona viwili viwili saa moja au mbili baada ya kila kumeza, hasa kama unatumia kabamazepini pia, ni dalili kwamba dozi inabidi iangaliwe. Usiendeshe gari wala mashine mpaka ujue dawa inakufanyia nini, na kwa mwenye kifafa kuna sheria za udereva za kufuata juu ya hapo.

Vidonge vya kuyeyuka ni vya kawaida sana kwa watoto na kwa wasioweza kumeza. Weka kidonge kwenye kijiko, mimina maji kiasi cha kukifunika tu, usikiguse. Ndani ya kama dakika moja kitamomonyoka chenyewe mpaka kiwe uji mwepesi. Zungusha kijiko, nywa yote hapohapo, kisha ongeza maji kidogo kwenye kijiko kilekile unywe na mabaki. Usikigawe kidonge cha kuyeyuka nusu kwa nusu ukidhani utapata nusu ya dozi. Vile vya kutoa dawa polepole, vinavyomezwa mara moja kwa siku, vimezwe vizima bila kutafuna wala kuvunja.

Umesahau dozi moja? Meza ukikumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache hiyo na uendelee na ratiba. Usifidie kwa kumeza mbili.

Ila ukikosa siku kadhaa mfululizo, simama. Lamotrijini ikiwa peke yake, nusu yake hutoka mwilini kwa saa 25 hadi 33 hivi. Zikipita siku zaidi ya 5 bila kumeza, mwili umekwisha kuisahau, na kurudi ghafla kwenye 200 ni sawa na mtu mgeni kuanza na 200. Anayetumia kabamazepini, fenitoini au fenobabito hufika hapo mapema zaidi, karibu siku 3. Njia ni kumpigia daktari, na mara nyingi atakurudisha miligramu 25, ngazi ya kwanza, kalamu nyekundu tena. Najua inakera. Mteja mmoja alinitazama kama nimemwambia arudi darasa la kwanza, akauliza kama mimi ndiye niliyesafiri nikasahau dawa nyumbani au yeye. Tulicheka, na nikamchorea kalenda mpya.

Kwa hiyo weka akiba. Vidonge vya wiki moja vikae kwenye mkoba unaotembea nao, ndani ya karatasi yao ya kiwandani ili unyevu usiviingie, na uje kuchukua vingine kabla vya nyumbani havijafika kumi.

Dawa zinazokutana nayo

Ulipofika kwenye dozi yako ukatulia, kinachoweza kukuvuruga zaidi ni dawa nyingine kuingia au kutoka. Valproeti ikiongezwa, lamotrijini hupunguzwa, kwa kawaida kwa nusu. Valproeti ikiondolewa, lamotrijini hupandishwa. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Baadhi ya dawa za VVU, kama lopinavir ikiwa na ritonavir, huishusha kwa karibu nusu. Si sababu ya kukataa dawa hizo, ni sababu ya kuhakikisha madaktari wawili wanaokutibu wanajua kila mmoja anafanya nini. Ukiona kila mmoja anadhani mwenzake anajua, wewe ndiye mjumbe.

Pombe sina haja ya kuihubiri. Ulevi na usiku wa kukesha huamsha kifafa na huitingisha bipola, dawa iwepo isiwepo.

Kwa wanawake

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni ya kike, hushusha lamotrijini kwa karibu nusu. Mwanamke aliyetulia miezi mingi anaanza vidonge hivyo, wiki chache baadaye sonona inarudi au anaanguka, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Kisha kuna ile wiki ya vidonge visivyo na dawa, au ya kupumzika. Estrojeni ikiondoka, lamotrijini hupanda ndani ya siku chache, na kwa siku hizo anaona kizunguzungu na viwili viwili. Mama mmoja alikuwa akiniambia kila mwezi ana wiki ya kuyumba na akadhani ni hedhi. Nilimwomba aniletee pakiti zote mbili, tukaziweka sambamba kaunta, tukazihesabu tarehe. Siku za kuyumba zilikuwa ndizo siku za vidonge vya rangi tofauti. Daktari wake alimbadilishia njia. Kitanzi cha shaba hakiingiliani na lamotrijini hata kidogo, na zipo njia nyingine za kujadili. Msianze wala kuacha vidonge vya estrojeni bila daktari wa lamotrijini kujua.

Ukipata mimba, usiache ghafla. Hofu inaeleweka, lakini kifafa cha mwili mzima kinaweza kumdhuru mama na mtoto, na sonona nzito pia ina madhara yake. Kati ya dawa za kifafa, lamotrijini ni mojawapo ya zile zenye rekodi nzuri zaidi kwa ujauzito. Valproeti ndiyo ya kuogopa: takriban mtoto 1 kati ya 10 walioipata tumboni huzaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kama unatumia zote mbili na unapanga kuzaa, mazungumzo na daktari yafanyike kabla ya mimba.

Mimba inapokua, mwili huiondoa lamotrijini kwa kasi zaidi na kiwango hushuka, hivyo dozi mara nyingi hupandishwa, ikiwezekana kwa kupima damu. Baada ya kujifungua kasi hiyo hurudi ilivyokuwa ndani ya wiki chache, na dozi kubwa ya ujauzito hugeuka kuwa nyingi mno. Wakati huo mama amechoka, ana mtoto mkononi, na kizunguzungu kinasingiziwa kukosa usingizi. Mpango wa kupunguza uandikwe kabla ya kujifungua, na nakala apewe mtu mwingine wa nyumbani. Dawa huingia kwenye maziwa. Wengi hunyonyesha bila shida, ila mtoto akisinzia kupita kawaida, akinyonya vibaya, akipumua kwa shida au akitoka vipele, apelekwe haraka.

Kuacha

Watu huacha kwa sababu wamepona, na wamepona kwa sababu wanameza. Bado, zipo sababu halali za kuacha, na hapo njia ni kushuka ngazi kama ulivyoipanda, kwa muda usiopungua wiki mbili na mara nyingi zaidi ya hapo. Kukata ghafla kunaweza kuleta mshtuko wa kifafa, hata kwa mwenye bipola ambaye hajawahi kuanguka maishani. Kipele cha hatari ndicho kinachovunja kanuni hiyo, na hapo daktari anajua la kufanya.

Vidonge vilivyobaki virudishe dirishani. Usimpe ndugu wala jirani mwenye kifafa au mwenye huzuni, hata kama cheti chake kinataja jina hilohilo, kwa sababu vyako vimebaki vya 100 au 200 na yeye anatakiwa kuanza na 25. Na usiviache droo ya chini kwenye nyumba yenye watoto. Mtoto akimeza, peleka hospitali mtoto pamoja na boksi, bila kungoja dalili.